Ramani Isiyotujua

Mdogo wangu Anneth alinishuku mimi kabla hajaishuku simu yake. Alikuja dukani asubuhi, pale karibu na Soko Kuu ninaposhona sare za shule, akasimama mlangoni bila kuingia, akaniuliza kama ni mimi ninayempelekea Rodrick habari zake. Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitema kiganjani nikamwambia kama amekuja kunitukana asubuhi yote hiyo, bora arudi kwake akalale. Mimi Aikande ni mwepesi wa hasira, Sekei nzima inajua, na hasira yangu ina uzuri mmoja tu: haikai. Nilipomtazama vizuri ikaisha. Nikamvuta ndani, nikafunga mlango.

Rodrick ni mumewe. Alikuwa anajua kila mahali Anneth anapokwenda. Akipita soko la Kilombero badala ya Soko Kuu, anajua. Akishinda kwangu Sekei, anajua, na usiku anamuuliza tulikuwa na maongezi gani ya kumaliza mchana mzima. Anneth alimshuku kwanza bodaboda wa pale kwao, akaacha kumpanda. Akamshuku dada wa kazi, akamrudisha kwao. Nikabaki mimi. Halafu juzi yake alikuwa amekwenda ofisi ya ustawi wa jamii bila kumwambia kiumbe yeyote, na jioni wakiwa mezani Rodrick akampakulia mtoto mboga, kisha akauliza kwa upole kama pale ustawi kulikuwa na foleni.

Nikamuuliza Anneth, kama hata mimi hakuniambia anakwenda ustawi, ningemwambiaje Rodrick? Akakaa kwenye kiti cha wateja, akafunika uso. Akasema hilo alilijua tangu anatoka nyumbani, ila alitamani iwe mimi, kwa sababu kama si mimi basi hajui ni nani.

Niseme kidogo kuhusu huyo shemeji yangu. Ni mhasibu wa kampuni ya utalii, anaimba besi kwenye kwaya ya usharika, na watoto wa shule ya Jumapili akiwaona kamba za viatu zimefunguka anapiga goti kuwafunga. Watu walimpenda. Mimi mwenyewe nilimpenda, nilikuwa namwekea nyama ya juu kila akija, mpaka mwezi wa tatu alipombana Anneth mkono kwenye mlango wa kabati mpaka ukavunjika, kisha akamsindikiza hospitali akiwa amembebea mkoba, akasema ameteleza bafuni. Anneth naye akasema ameteleza bafuni. Sasa ilikuwa mwezi wa sita, shule zinakaribia kufungwa, na Rodrick alikuwa ameshatangaza kwamba likizo ikianza Ndeshi anakwenda kukaa kwa bibi yake mzaa baba, Moshi, moja kwa moja. Ndeshi ni binti yao, ana miaka mitano. Anneth akitaka kuondoka aondoke, alimwambia, ila mtoto atamwacha.

Kwa hiyo ilibidi aondoke na mtoto kabla ya likizo, na aende mahali ambapo Rodrick hatapajua. Hilo tulikubaliana siku ileile, tukinong'ona wawili kwenye duka tupu, mlango umefungwa. Tulichokuwa hatujui ni jinsi ya kufika popote bila yeye kujua.

Aliyetuonyesha ni Tejas, mtoto wa mzee Mahendra. Tumepakana ukuta na duka lao tangu baba yake akiuza redio, na sasa kijana anauza na kutengeneza simu. Nilimwambia tu kwamba kuna mtu anajua njia za mdogo wangu. Tejas hakuuliza mtu gani. Aliuliza simu alinunuliwa na nani na akaunti alifunguliwa na nani, Anneth akasema yote mawili ni mume wake, zawadi ya Krismasi. Tejas akaifungua ile ramani iliyokuja na simu, ile ambayo sisi sote tunaitumia kutafuta maduka na kukwepa foleni, akabonyeza hapa na pale, kisha akatugeuzia kioo.

Siku zake zote zilikuwa mle. Mistari ya bluu kutoka nyumbani kwenda chekechea, chekechea kwenda soko, soko kwenda kwangu, na muda aliofika na muda alioondoka. Ustawi wa jamii ilikuwepo, na jina lake limeandikwa vizuri. Tejas alisema ramani haina kosa, imefanya ilivyoagizwa, na aliyeagiza ni mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni Rodrick, anaweza kuyasoma hayo yote akiwa ofisini kwake. Anneth aliutazama ule mstari wa kwenda ustawi, akasema kwa sauti ndogo sana kwamba siku ile alizunguka mtaa mara mbili kabla hajapata ujasiri wa kuingia. Mizunguko yote miwili ilikuwa imechorwa.

Nikasema tuizime hapohapo. Tejas akanishika mkono. Tukiizima, alisema, mwenye akaunti ataona imezimwa, na ataona ilizimwa ikiwa wapi.

Mahali pa kwenda palipatikana haraka. Mama yetu, Mungu amrehemu, alisoma uuguzi na mwanamke mmoja wa Oldonyo Sambu, anaitwa Tabea, sasa ni mstaafu na anaishi peke yake juu huko, nyuma ya mlima. Sisi tunamwita mama mdogo. Rodrick hakuwahi kumwona. Nilimpigia kwa simu ya Tejas, nikamweleza kwa kifupi, akasema waje hata leo. Nikamuuliza nyumba tutaipataje, maana mara ya mwisho nilikwenda nikiwa darasa la nne. Akacheka. Akasema nikifika pale barabarani niulize tu, kila mtu anamjua.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Kule ukisimamisha gari ukauliza kwa mtu, unayemuuliza atakuuliza wewe ni wa nani, umetoka wapi, na huyo mtoto ni wa nani, tena kwa heshima tu, na jioni habari zako zitakuwa zimefika kisimani na mnadani. Hatukutakiwa kumuuliza mtu njia. Tulihitaji ramani, na ramani tuliyokuwa nayo ilikuwa inamwambia Rodrick.

Tejas alituwekea ramani nyingine kwenye simu ya mtumba isiyo na laini, tukazijaribu moja moja juu ya kaunta yake huku mimi nikichungulia nje kila gari jeupe kama la Rodrick likipita. Ya kwanza ilikuwa nzuri, ina rangi na picha za majengo, lakini kabla haijafunguka ilidai namba ya simu na jina kamili. Tukaifuta. Ya pili haikutaka jina, ila ilitaka ruhusa ya kusoma namba za watu wote uliowahifadhi, na kila ukigusa inaleta tangazo la kubeti. Nikauliza ramani inataka namba za rafiki zangu za nini, inataka kuwapigia? Tejas akaifuta.

Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura. Sikuipenda hata kidogo. Ilishusha nchi nzima mara moja kupitia mtandao wa dukani, halafu Tejas akakata mtandao ili tuone, ikaendelea kufanya kazi. Haikuuliza jina wala haikutunza ulikopita. Ilichorwa na watu wa kujitolea, kila mtu na kijiji chake, ndiyo maana ilikuwa na vitu vya ajabu: ilijua kisima cha nyuma ya shule yetu ya msingi lakini duka langu la miaka yote halikuwemo, na shule moja ya Sekei ilikuwa imehamishiwa ng'ambo ya barabara. Foleni haikujua. Nikasema hiki ni kichekesho, tutapotelea msituni na mtoto. Tejas akapeleka kidole Oldonyo Sambu, akaikuza, na pale ambapo ramani ya kawaida ilikuwa na barabara moja na weupe mtupu, hii ilikuwa na njia za miguu, korongo, zahanati, kanisa, na josho la ng'ombe. Mama mdogo alikuwa ameniambia kwamba ukilipita josho, njia ya kushoto inaishia kwake.

Mimi bado nilikuwa nabishana. Anneth akaichukua simu mikononi mwa Tejas.

"Naitaka hii," alisema. "Hii hainijui."

Tuliondoka Alhamisi. Rodrick alikwenda kazini, Ndeshi akabaki nyumbani kwa sababu alikuwa ameambiwa ana homa, na alifurahia sana homa yake. Anneth akaja na mtoto dukani na mkoba wa kawaida, nguo chache tu chini ya kanga. Simu ya Krismasi tuliiacha kwenye droo yangu chini ya vitambaa vya kaki, ikiwa na chaji, ili Rodrick akiitazama aone mke wake amekaa kwa dada yake anapimwa nguo za kwaya. Tejas alisema na yangu niiache. Niliona anavuka mpaka, mimi mshona sare nani anifuate, lakini niliiacha.

Tukapanda Probox yangu ya kubebea vitambaa, tukapita Sanawari na Mianzini na Sakina, Anneth ameinama kiti cha nyuma ameikumbatia ile simu mbaya. Jijini ramani hatukuihitaji, lakini alikataa kuinua macho kutoka kwenye kioo. Kila tukisimama alinambia tuko wapi, na mimi nilikuwa nafahamu tuko wapi, nimezaliwa hapo. Ngaramtoni askari wa barabarani alitusimamisha. Alitaka leseni tu. Niliitoa nikaiangusha, nikaiokota nikaiangusha tena, mpaka yule askari akaniuliza kama ninaumwa, nikasema ndiyo. Ndeshi naye akasema anaumwa, ana homa, hajaenda shule. Askari akatuonea huruma, akaturuhusu.

Baada ya hapo barabara ya Namanga ikawa nyeupe na ndefu, mlima upande wetu wa kulia umejifunika mawingu kama kawaida ya mwezi wa sita, na upepo wa vumbi. Nilikuwa naangalia kioo cha nyuma kuliko cha mbele. Oldonyo Sambu tulikata kulia kabla ya maduka, mahali ambapo mimi nisingekata hata kwa kulipwa, kwa sababu palionekana ni njia ya mbuzi. Anneth alisisitiza. Tulipita uchochoro wa minyaa, tukashuka korongo kavu tukapanda, na kwa mbele josho likajitokeza, mahali hasa lilipochorwa. Hatukumuuliza mtu. Wachunga mbuzi wawili walitupungia mkono, tukawapungia. Mama mdogo Tabea alikuwa amesimama nje ya nyumba yake, mweupe wa nywele, akashangaa sana kwamba tumefika bila kuelekezwa. Nadhani alisikitika kidogo pia. Tulimwamkia shikamoo, Anneth akamwangukia kifuani akalia kwa sauti, na mimi nikageuza gari nirudi kabla simu iliyolala kwenye droo haijaanza kushukiwa.

Sikuwahi. Nilipofika dukani Rodrick alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, simu ya Anneth iko mapajani kwake. Mshonaji ninayemwachia duka alikuwa amemfungulia droo simu ilipolia, angefanyaje, ni shemeji. Alisimama aliponiona.

"Shikamoo dada. Anneth yuko wapi?"

Nikasema amekwenda chooni. Nilikuwa na mambo mengine ya kusema, nilikuwa nimeyapanga njiani tangu Ngaramtoni, kwamba amekwenda kwa daktari, kwamba amepanda basi la Dar, na kilichotoka ni choo. Rodrick hakunikemea. Aliniangalia usoni muda mrefu, akatazama viatu vyangu vilivyojaa vumbi la kijivu, akasema asante dada, akaondoka. Nilikaa chini sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Nilimchukia na nikajichukia kwa pamoja.

Jioni ileile alituma ujumbe kwenye kundi la kwaya, kundi la jumuiya, na kundi la wazazi wa chekechea. Hakusema neno baya hata moja. Alisema mke wake mpendwa hayuko sawa kiafya tangu mwezi wa tatu, ameondoka na mtoto, na anaomba maombi ya wapendwa, na yeyote atakayemwona amsaidie arudi salama. Akaweka picha ya Anneth na Ndeshi wamevaa sare za harusi nilizozishona mimi. Watu wakaitikia kwa mikono ya kuomba, ukurasa juu ya ukurasa. Wakaisambaza. Ijumaa mchana nikaletewa ujumbe huo na mteja wa Usa River ambaye hata hatusali pamoja. Hawa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanamtafuta mdogo wangu kwa upendo kabisa, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Nilitaka kumwonya Anneth. Mama mdogo ana kitochi, simu ndogo ya vitufe, ambacho hukichaji kwa jirani mwenye sola, na siku hizo mbili hakikupatikana. Kwenda sikuthubutu, kwa sababu gari la Rodrick lilikuwa linapita mbele ya nyumba yangu polepole asubuhi na jioni. Nikajifariji kwamba simu aliyonayo Anneth haina laini, ramani haisemi, njia hatukumuuliza mtu. Tulikuwa tumefunga kila tundu tulilolijua.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa napika, simu ikalia kwenye kundi la kwaya. Mtu alikuwa ameweka video. Ilikuwa ibada ya mtaa mmoja wa huko Oldonyo Sambu, kanisa dogo la mbao, mwinjilisti anatangaza kwamba sasa wageni wasimame tuwajue. Kwetu Walutheri mgeni hakai kimya kanisani. Anasimama, anasalimia, anasema jina na usharika anaotoka na amefikia kwa nani, na watu wanampigia makofi. Nikaona mama mdogo Tabea anamsukuma mtu begani kwa furaha. Nikaona Anneth anasimama, amevaa kanga, amemshika Ndeshi mkono.

Sikuwahi kumwona mtu akihangaika vile kwa sekunde chache. Aliangalia mlango. Mbele yake kulikuwa na madhabahu na msalaba, na mdogo wangu hajui kusema uongo mahali pale, hakulelewa hivyo, hakuna kati yetu aliyelelewa hivyo. Akasema Bwana Yesu asifiwe, naitwa Anneth, natokea usharika wa Sekei, nimefikia kwa mama Tabea. Wakapiga makofi. Aliyekuwa anarekodi alikuwa anarekodi kwaya yao, naamini hivyo mpaka leo, alitaka tu kuonyesha walivyovaa.

Chini ya video mtu wa kwetu alikuwa ameandika kwamba Mungu ni mwema, huyu si ndiye dada yetu tuliyekuwa tunamwombea? Mwingine akaandika haleluya. Mwingine akaandika mtu amtaarifu kaka Rodrick haraka. Rodrick alikuwa ameshaandika chini kabisa, neno moja, amina.

Niliacha jiko linawaka. Jirani ndiye aliyekuja kulizima, nilijua baadaye. Niliendesha Probox ile kwa mwendo ambao sijawahi kuendesha, naongea peke yangu, namtukana mama mdogo, namtukana mwenye video, kisha naomba Mungu anisamehe kwa kuwatukana, kisha naanza upya. Mama mdogo hakuwa na kosa. Kumficha mgeni Jumapili kwake ni aibu, watu wangeuliza kwa nini hamleti kanisani, ana nini. Nilijua hivyo, na bado nilimtukana mpaka Olmotonyi.

Karibu na Oldonyo Sambu nikaliona gari la Rodrick mbele yangu, jeupe. Halikukata kulia kabla ya maduka. Lilikwenda mbele mpaka njia kubwa yenye kibao cha kanisa, likaingia huko, likifuata bila shaka mahali alipoelekezwa na watu wema. Mimi nikakata kwenye njia yetu ya mbuzi. Nilikuwa sina ramani mkononi na sikuihitaji tena, minyaa, korongo, josho, kushoto. Nilikuwa nahesabu jinsi nitakavyowaingiza nyuma ya gari, niwafunike kwa vitambaa, nishuke nao mpaka wapi sijui.

Mama mdogo alikuwa amekaa kizingitini na ungo wa maharage, hachambui. Alikuwa amelia. Nikamuuliza wako wapi, akaniambia wameondoka.

Akanieleza. Anneth aliiona ile simu iliyokuwa inarekodi, akaiona akiwa amesimama bado. Walipotoka kanisani hakula. Alikaa kitandani na mtoto mapajani, akafungua ramani, akaitazama muda mrefu sana, anaikuza anaivuta, anafuata kitu kwa kidole. Kisha akafunga kanga zake. Mama mdogo akavaa viatu amsindikize, Anneth akakataa.

"Amekataa kusindikizwa," mama mdogo alisema. "Tangu niolewe sijaacha mgeni atoke kwangu peke yake. Nikamwambia basi mpaka hapo langoni. Akanipigia magoti, Aikande. Akaniomba niingie jikoni nikae nimeelekea ukuta mpaka nihesabu kwamba wamefika mbali, ili nisione wamegeukia wapi. Nikakaa."

Nikamuuliza kama hakuniachia neno. Mama mdogo akainamia maharage yake. Alimuuliza, alisema, akija dada yako nimwambie nini, na Anneth akajibu asiniambie kitu, hata akijua asiniambie, kwa sababu dada Aikande uso wake husema kila kitu.

Ile hasira yangu ikapanda. Mimi niliyeacha cherehani zangu, mimi niliyedondosha leseni mbele ya askari kwa ajili yake, nimewekwa kundi moja na wale wa haleluya. Nilizunguka nyumba yote. Nilitazama njia zinazotoka pale, na zilikuwa nyingi: moja inashuka barabarani, nyingine inapanda kwenye msitu wa mlima, nyingine inazunguka nyuma kwenda Ngare Nanyuki, nyingine zinaingia tu kwenye mashamba ya mahindi makavu. Ardhi ilikuwa ngumu, haikushika hata unyayo. Nilimwita jina mara moja, si kwa sauti kubwa, kisha nikaogopa kwamba ataitikia.

Gari jeupe likaja. Rodrick alishuka na mzee mmoja wa kanisa la pale, mzee mwenye uso mwema, amefurahi kwa kuwa amesaidia. Rodrick alimwamkia mama mdogo shikamoo kwa kuinama, akaomba ruhusa aingie ndani, akaingia. Tulisikia anafungua mlango wa chumba, kisha kabati. Alitoka amekunja uso kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alikuja mpaka karibu yangu, karibu kuliko shemeji anavyopaswa kusogea, akanyoosha mkono, nikajua anataka simu yangu nikampa. Aliipekua. Hakukuta kitu, hapakuwa na kitu cha kukuta.

"Dada Aikande," alisema. "Anneth yuko wapi?"

"Sijui."

Aliniangalia usoni kama alivyoniangalia dukani, taratibu, anasoma. Safari hii aliangalia muda mrefu zaidi, na nikaona anafika mwisho wa uso wangu na hapati pa kwenda. Mkono uliokuwa na simu yangu ukashuka. Mzee wa kanisa akasema labda tuombe. Nilikuwa nimeapa sitalia mbele ya mwanamume huyu hata anifanye nini, lakini nililia palepale, kwa sababu mdogo wangu alikuwa mahali fulani kwenye mlima ule na mtoto wa miaka mitano, jua linashuka, na mimi kweli nilikuwa sijui.